Safari ya Mabango ya Baba

Nyumba ya Fundi Herufi,
Nyuma ya Kiwanda cha Maziwa.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. U hali gani huko uliko? Kile kifua chako kimetulia, au baridi ikianza tu nacho kinaanza? Natumaini unavaa nguo nzito, unakula kwa wakati, na wale wazee unaowauguza hawakuchoshi mpaka ukasahau kulala. Yule bibi anayeficha vijiko chini ya mto bado anaficha? Msalimie, hata kama hatajua ni nani anayemsalimia.

Sisi huku tuzima, ukiacha haya nitakayokueleza. Shemeji yako ana mafua, wiki ya pili sasa, na anaugua kama mtu anayeandika wosia. Mpwa wako karudi bweni juzi na sanduku lenye soksi tano, hata mbili hazifanani. Shangazi ni yuleyule, mdomo wake haujapata likizo. Nimekaa kwenye meza ya cherehani, sare za shule nimezisukuma pembeni, na mwalimu mkuu atasubiri kidogo. Hii ni mara ya tatu naianza barua hii. Kwa simu siwezi. Kwenye simu ningelia, nawe ungekata.

Nikutoe hofu kwanza: sikuandikii kukugombeza. Ujumbe wako niliupata. "Dada, nisamehe. Nilifika mpaka uwanja wa ndege, nikageuka." Nimeusoma mara nyingi kuliko unavyodhani, na kama sikukujibu haikuwa hasira. Sikujua tu nianzie wapi. Wewe ulijua mwisho wa mpango wetu, kwamba utasimama chini ya bango kule ziwani na kumsubiri baba. Hukujua mwanzo wake wala katikati yake, na hujui kilichotokea. Nataka ukijue kutoka kwangu, kabla Shangazi hajapata namba yako.

Wazo lilinijia nikikata kola. Nilifikiri, mzee anatimiza sabini, tutampa nini? Shati analo. Redio anayo. Ndipo nikakumbuka kwamba katika ujana wake alizunguka miji mingi na baiskeli yake na makopo ya rangi, akiandika majina ya maduka ya watu, na huenda baadhi ya herufi zake bado ziko ukutani. Nikasema tutacheza mchezo wa kutafuta hazina. Tutampa kadi yenye fumbo, atafumbua, fumbo litampeleka kwenye bango alilochora mwenyewe, hapo atakuta kadi nyingine, na hivyo hivyo kwa siku tatu mpaka hazina yenyewe. Hazina ulikuwa wewe.

Miezi minne nilitafuta. Madereva wa mabasi wanaoleta magari yao kwa shemeji yako niliwaomba wanipigie picha za kuta. Wengi waliniletea picha za mabango mapya ya plastiki. Lakini yalipatikana manne: duka la mikate, maktaba, kituo cha treni, na nyumba ya wageni ya ziwani. Kadi nilizikata kutoka kwenye makaratasi magumu ya ruwaza za sare, nikaandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, kwa vile nilimjua mzee na maringo yake ya mwandiko.

Shangazi hatukumwambia mpaka asubuhi ya safari, unajua kwa nini. Na baba akaanza kuona tunanong'ona. Siku moja akamwambia shemeji yako, "Kama mnanipeleka nyumba ya wazee, nipeni siku mbili nifungashe brashi zangu." Tukacheka jikoni mpaka tukashikana mabega. Sasa nikikumbuka sicheki.

Nawe nilipokupigia, ukasema, "Nitakuwepo, Dada. Nitasimama chini ya bango." Ile sauti niliishika kama mtu anavyoshika yai mkononi, natembea nayo polepole humu ndani, naogopa hata kupiga chafya.

Miaka kumi na moja si mchezo. Sijui kama unaikumbuka vizuri siku ile bandani kwa baba, au umeikumbuka mara nyingi mpaka imebadilika sura. Mimi nilikuwa mlangoni na chai yake mkononi. Ulikuwa umemletea makaratasi ya ile mashine ya kuchapa mabango, unamsihi mwanze upya pamoja, naye anasema hakuna mashine itakayoandika akiwepo. Ndipo ukasema, "Baba, kazi hii imekufa. Unapaka rangi maiti." Naye akasema, "Basi nimekufa nayo. Usiulizie habari za marehemu." Nyote wawili mlikuwa na midomo mikali, na nyote wawili mkatii maneno yenu kama sheria. Chai ilipoa mkononi mwangu.

Sasa nije kwenye Jumatatu ile, siku yake ya kuzaliwa.

Tulikuwa mezani asubuhi, mkate na mayai. Mizigo ilikuwa tayari garini. Nikamwekea kadi ya kwanza mkononi, nikasema, "Baba, hongera. Soma, kisha vaa viatu." Niliandika hivi: "Hapa uliandika maneno mawili ukalipwa mikate sita. Iliyofika nyumbani ni minne."

Akaishika mbali, akaisogeza karibu. Akatabasamu. "Mwandiko mzuri," akasema. "Hii nitaisoma nikitulia." Akaitia mfukoni.

"Itoe usome sasa, kaka," Shangazi akasema, mdomo umejaa yai. "Tena uliishika kichwa chini miguu juu."

Baba hakukawia. "Fundi wa herufi husoma hata zikiwa zimelala." Shangazi akacheka, shemeji yako akacheka. Mimi nilikuwa namwangalia kidole chake, mdogo wangu. Alikuwa amekitia kwenye ukingo wa kikombe huku akijimiminia chai, ili chai ikifika pale aache. Nilikuwa nimemwona akifanya vile mwaka mzima nikidhani ni mazoea ya uzee. Mambo yakanijia kwa mkupuo. Aliacha kununua gazeti, akasema habari zote ni mbaya. Aliacha kuvuka barabara kwenda kunyolewa, akasema kinyozi ana maneno mengi. Alikuwa anahesabu ngazi kwa sauti, tukamdhania anaimba.

Nikamfuata chumbani alipokwenda kuvaa viatu. Nikafunga mlango. Nikauliza, "Baba, gauni nililovaa lina rangi gani?"

Akainama kwenye kamba za viatu. "La kupendeza."

"Nimekuuliza rangi."

Mtu aliyechanganya rangi miaka hamsini, aliyekuwa akikataa wekundu wa kopo mpaka autie tone la njano, alikaa pale kitandani na kiatu kimoja mguuni, akaweka mikono juu ya magoti. "Jicho moja limekwisha," akasema. "Hili jingine ni kama kuchungulia kwenye bomba, na mwisho wa bomba kuna kioo kichafu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

Dawa ya matone alikuwa nayo, kaificha ndani ya kopo la brashi. Miaka miwili nimeishi naye nyumba moja, nimempimia mashati, nimemfungia vifungo alipoumwa mkono, na kazi yangu mchana kutwa ni kutazama miili ya watu nione wapi pamepungua. Sikuona. Nikamwuliza kwa nini amenificha. Nilidhani atasema aibu, na aibu alikuwa nayo, maana aliniuliza mchora herufi asiyeona ni kitu gani. Lakini jibu lenyewe lilikuwa hili, nakuandikia kama alivyolisema: "Ningekwambia, ungemwandikia ndugu yako. Naye angekuja kwa kunihurumia. Nimemngoja miaka yote hii, sitaki aje kwa huruma."

Nilisimama pale na siri yangu. Nilijua wewe muda ule uko safarini, au ndivyo nilivyoamini. Na nilijua huji kwa huruma, maana hukujua lolote. Nikajisemea, basi, kumbe tumepata bahati. Atajua mwanawe kaja kwa kupenda. Nikamfunga kamba za kiatu cha pili, nikasema twende.

"Twende," akasema. "Nijue mlichonificha. Ila asinishike mtu kiwiko kama mwizi aliyekamatwa."

Kwa hiyo kadi zikawa za Shangazi kusoma. Habari za macho tulimwambia tukiwa bado tuko uani. Alikwenda nyuma ya gari, akakaa huko kidogo, akarudi amenawa uso, na kuanzia hapo akasoma kila fumbo kwa sauti ya mnadani, na kuongeza maneno ambayo sikuyaandika.

Duka la mikate lilikuwa karibu. Baba hakuhitaji kufikiri, fumbo halijaisha kusomwa yeye kashataja mtaa. Maneno yale mawili yangali juu ya mlango, na rangi imepasuka kama ardhi kavu, lakini yapo. Mwokaji wa sasa ni mtoto wa yule wa zamani. Alileta kiti, baba akapanda, shemeji yako kamshika kiuno, akapitisha vidole kwenye herufi moja moja kama mtu anayemtafuta jamaa kwenye foleni. "Hapa nilikuwa na njaa," akasema. "Ona mstari unavyokimbia." Sote tukacheka kicheko cha kweli. Nakuambia hili ujue kwamba haikuwa huzuni tupu. Alikuwa na furaha siku ile. Alikula mikate miwili ndani ya gari na kudondosha makombo kila mahali.

Maktaba ilikuwa mji wa pili, na tulifika mchana. Hii huijui, hata mimi sikuijua vizuri mpaka nilipomwuliza kwa ujanja. Ndani, juu ya meza ya mkutubi, kuna ubao mdogo umeandikwa KIMYA TAFADHALI. Aliuchora akiwa na miaka ishirini na minne. Alipokuwa anautundika aliangusha kopo zima, likabingirika mpaka chini ya meza ya msichana aliyekuwa akipanga vitabu. Msichana yule alikuwa mama.

Mkutubi, kijana mwenye miwani, aliushusha ubao akamwekea mapajani. Baba alikaa nao muda mrefu kwenye kiti cha wasomaji. Alizipapasa zile herufi, akaipita Y, akairudia. Watu walikuwa wanasoma magazeti, hakuna aliyeinua kichwa. Halafu akaninong'oneza, kwa kuwa ubao ulimwamuru, "Mama yako aliniambia, wewe ndiye mtu wa kwanza kuandika kimya kwa kelele." Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Nadhani macho yale hayaoni, lakini kulia yanajua.

Siku ya pili ilikuwa kituo cha treni, na hapo niliharibu. Ile picha niliyoletewa na dereva kumbe ilikuwa ya zamani. Tulipofika, ukuta umepakwa upya, na jina la kituo ni plastiki ndefu inayong'aa, imechapwa. Shemeji yako akanivuta pembeni, akaniambia tumwachie mzee apapase palepale, hatajua. Nami nikakubali, Mungu anisamehe. Nikamwongoza mpaka ukutani, nikasema, "Hili hapa, Baba."

Akaweka kiganja. Hakukipitisha hata kwenye herufi ya pili. "Hii imechapwa," akasema. "Haina mgongo wa rangi." Akapangusa mkono kwenye suruali. Tulipokuwa tunarudi garini akasema, bila kuulizwa na mtu, "Kijana alisema kweli." Ni mara ya kwanza kukupa haki mbele yangu tangu uondoke. Nilitaka kumwambia pale pale kwamba umo njiani. Nilijing'ata ulimi. Usiku huo nilikupigia, simu haipatikani, nikajisemea umo ndegeni.

Jumatano tukafika ziwani, jua limeanza kushuka. Nyumba ya wageni iko vilevile, ile veranda ya kijani na viti vya kamba. Mama mwenye nyumba alinipokea pembeni, akanitikisia kichwa. Chumba namba tatu nilichokukodia kilikuwa kimetandikwa, taulo mbili zimekunjwa juu ya kitanda, hakuna aliyezigusa. Nikampa jina lako mara ya pili kana kwamba alisikia vibaya. Hakuna aliyefika, akasema, wala aliyepiga simu.

Nilikuwa ndani dakika tano, si zaidi. Nilikuwa nafikiri nibadilishe kadi ya mwisho, niandike kitu kingine, niseme hazina ni ziwa, hazina ni mapumziko, chochote. Nikatoka mbio. Nikamsikia Shangazi uani. Alikuwa amefungua mkoba wangu kutafuta leso, akaikuta kadi, na Shangazi akikuta maneno lazima ayaseme. Alikuwa anasoma kwa ile sauti yake: "Hazina yako haikuzikwa. Imesimama chini ya bango inakungoja, na wewe ndiye uliyeipa jina."

Baba alikuwa amesimama katikati ya ua. Akauliza, "Nani? Mwanangu?"

Shangazi akageuka kunitazama. Nami nilikuwa kwenye ngazi, nimeziba mdomo kwa mkono. Sikuwahi kumzuia.

Bango lile liko langoni, limesimikwa kwenye miti miwili, juu kidogo ya kichwa cha mtu, mkono unalifikia. Shemeji yako alikuwa pale, ameinama anashusha mzigo, akainuka aone kuna nini. Baba aliona umbo. Akaanza kwenda, mdogo wangu. Mzee ambaye siku tatu nzima hakuinua mguu kabla ya kuhakikisha wa kwanza umekanyaga wapi, alikwenda moja kwa moja, mikono mbele, akajikwaa kwenye jiwe la bustani, hakusimama. Alifika, akamshika shemeji yako uso kwa mikono miwili. Akacheka. Akasema, "Umenenepa."

Shemeji yako unamjua, mtu wa maneno mengi mbele ya injini. Safari hii alisimama tu, mikono imening'inia, machozi yanashuka kwenye vidole vya baba. Nadhani ni machozi hayo, au ni ndevu, maana wewe hujawahi kufuga. Vidole vya baba vikasimama. Vikashuka mpaka kwenye kola, vikaigusa ile kola niliyoishona mimi.

"Si yeye," akasema.

"Ni mimi, Baba," shemeji yako akasema. "Nisamehe."

Baba akampigapiga begani, kana kwamba shemeji ndiye wa kufarijiwa. "Hujakosa kitu, mwanangu. Hujakosa kitu."

Tukamkalisha. Nikamweleza yote, tangu simu ya kwanza. Aliuliza swali moja tu, kama alikuita mtu au ulikubali mwenyewe. Nikamwambia ulikubali mwenyewe, na kwamba habari za macho hukuzijua. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye aliomba apelekwe tena langoni, akapapasa lile bango mlilochora pamoja ulipomaliza shule. Unakumbuka alikuachia neno KARIBUNI ulichore peke yako? Mguu wa R umetoka nje ya mstari, mrefu kama wa mtu anayekimbia. Alisema alikuamuru uufute, ukakataa, na mama mwenye nyumba akakutetea. Alikaa na mguu ule mpaka jua likaisha, na tulipomwita kula alisema tutangulie.

Kesho yake asubuhi ujumbe wako ukaingia, nikamsomea kama ulivyo. Nilitaka kuupunguza makali, nikaona nimeshamdanganya ukutani mara moja, inatosha.

"Alifika mpaka uwanja wa ndege?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Ni mbali kutoka anapokaa?"

"Kama saa mbili kwa treni, aliwahi kuniambia."

Akafikiri. "Basi amesafiri saa mbili kuja kwangu," akasema. Hakukuwa na kejeli hata chembe. Nilikuwa namtazama usoni, na safari hii nilitazama vizuri. Alikuwa anazihesabu zile saa mbili kama kitu alichopewa.

Tuliporudi nilimpeleka hospitali. Daktari wa macho ni mama kijana, mpole, aliyesema naye kwanza ndipo akasema nami. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, hata tufanye nini. Hicho kidogo kilichobaki watajaribu kukizuia kisiende, kwa upasuaji, na siku iliyotolewa ni tarehe 22 Oktoba. Ukienda vizuri, atabaki na bomba lake kwa miaka kadhaa. Usipokwenda vizuri, ni giza, na laweza kuwa siku hiyo hiyo. Nilimwuliza daktari mara mbili kwa maneno tofauti, akanijibu mara mbili kwa maneno yaleyale.

Brashi zake amezigawa. Nyembamba kampa fundi seremala wake, nene kampa jirani wa kupaka kuta. Alizifunga kwa uzi kwa ukubwa wao, kwa kuzigusa tu, na hakukosea hata moja. Banda nimelifagia. Hukai vizuri ukiliangalia tupu.

Amenikataza nisikuandikie habari za macho. Alisema, "Mwandikie habari za safari." Nilijaribu, ndizo zile barua mbili zilizotangulia nikazichana. Haiwezekani kuandika moja bila nyingine. Namvunjia agizo lake, na nikimaliza kuituma barua hii nitamwambia nimelivunja. Akinuna, atanuna na chai yake.

Yeye anaogopa huruma yako. Mimi naogopa kitu kingine. Juzi jioni tulikuwa tumekaa kibarazani, akaniuliza, "Uso wake sasa ukoje?" Nilifungua mdomo nimweleze, nikakuta sina la kusema. Hata mimi sijui. Ninayemjua ni kijana wa miaka ishirini na sita aliyetoka kwa hasira na begi moja. Una mvi? Umepata makunyanzi pembeni ya macho kama baba alivyoyapata mapema? Ule upara wa ukoo umekupata? Mwishowe akasema si kitu, akaniuliza kama nimeanika nguo.

Sikuombi uombe msamaha, wala yeye hatakuomba. Mkitaka kugombana mtagombana, chumba kipo, nitafunga madirisha majirani wasisikie. Wala sikuulizi kwa nini uligeuka pale uwanjani. Nadhani najua. Mtu anaweza kuogopa mlango wa kwao kuliko mlango wa mtu baki. Ninachokuomba ni kwamba usije kumwona. Wewe utamwona mwaka wowote, macho yako ni mazima. Njoo akuone yeye, kabla ya tarehe 22.

Shangazi anakusalimu sana, anasema ukija usimletee manukato bali viatu vya kisigino kifupi. Shemeji yako anakusalimu, na anasema maneno haya niyaandike kama yalivyo: hataki kubeba salamu zako usoni mwake mara ya pili. Mpwa wako anamuulizia mjomba anayemjua kwa sauti tu. Mama mwenye nyumba wa ziwani naye alituma salamu, anasema pesa ya chumba namba tatu haidai. Baba hajui naandika haya, lakini kila jioni baada ya kula husema "na yule wa mbali, alale salama," na sote huitikia amina. Basi Mungu akutunze, akufungulie njia, na akupe miguu ya kuipita.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na nisiyechoka kukupenda,

Dada.

Nimesahau jambo. Jicho linaloona ni la kushoto, na linaona kilicho karibu kabisa, tena mbele yake. Usisimame mlangoni ukingoja akutambue, maana hataweza, nawe utadhani amekukataa. Nenda mpaka alipokaa, upande wa kushoto, uiname usawa wa uso wake, ukae hapo. Usiseme kitu. Mpe muda.